Kiambaza Alichojenga Fundi wa Mashua

Mwezi uliopita nilisimamisha ukuta wa mbao ndani ya nyumba yangu hapa Kilindoni. Sikuita fundi. Mafundi ninao, tena hunisubiri mlangoni kabla sijafungua, maana Kilindoni ukiuliza bati, misumari au mbao iliyonyooka, utaletwa dukani kwangu. Lakini huu niliutaka wa mkono wangu mwenyewe. Binti yangu wa mwisho anasoma sekondari, anataka chumba chake cha kusomea, na sebule yangu ni kubwa kiasi kwamba wageni hukaa pande mbili wasijuane. Nikaigawa. Nikalaza mbao ya chini, nikapigilia ya juu, nikasimamisha nguzo za mbili kwa nne, nikatia vipande vya kulala katikati ili zisipinde, nikafunika kwa jipsamu huku na huku. Nilipokaza skrubu ya mwisho nikashusha timazi. Uzi ukasimama na ukuta ukasimama, hakuna aliyemzidi mwenzake.

Nikiwa bado upande wa chumbani, mke wangu akaniita kutoka sebuleni. Nilijua ni yeye, lakini sikujua anasema nini. Sauti ilinijia imefunikwa, kama mtu anayeongea na kichwa kiko ndani ya mtungi. Nikasema, "Unasemaje?" Naye nadhani akanijibu vilevile, "Unasemaje?" Basi, ndugu yangu, nikakaa juu ya ndoo ya rangi na bisibisi mkononi, na pale nilipokaa hapakuwa tena Kilindoni. Nilikuwa Bweni, kule juu karibu na mnara wa taa wa Ras Mkumbi, nyumbani kwa bibi, na mvua ya masika ilikuwa inapiga makuti.

Bibi ndiye aliyenilea. Mama alikuwa Dar akitafuta maisha, baba simjui vizuri na hakunipunguzia kitu. Shule niliishia la nne, na nasema hivyo bila aibu, kwa sababu nyumba ya bibi ilinifundisha mengi ambayo wenye vyeti huja kuniuliza. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo kama zote za pale, uwani kuna jiko, nyuma ya jiko minazi, na msimu wa kukausha mbata harufu yake inaingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Asubuhi tulikunywa uji wa muhogo wenye tui. Mchana ugali wa muhogo na pweza aliyepigwa mpaka akalainika, kazi ambayo niliifanya mimi, na nilipiga pweza kuliko watoto wote wa mtaa ule.

Kama umezaliwa kwenye nyumba za matofali, nikueleze jambo moja kuhusu nyumba zile. Kuta za ndani hazikufika juu. Kiambaza cha kugawa chumba na ukumbi kiliishia pale mkono wa mtu mzima unapofika, na juu yake palikuwa wazi mpaka kwenye paa. Hapo juu ndipo palipopita upepo, moshi, harufu ya vitunguu, na maneno. Mtu akikohoa chumbani, ukumbini wanasema pole. Bibi aliiendesha nyumba nzima kwa mdomo akiwa ameketi mahali pamoja na ukili wake wa mkeka mikononi. Alijua nani ameingia, nani hajanawa, nani anaiba sukari, na hakuwa ameinuka.

Ukumbini aliishi babu mdogo, yaani mdogo wake babu. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, anaona kivuli tu. Hakuwa na mke wala mtoto. Bibi ndiye aliyekuwa macho yake, kutoka upande wa pili wa kiambaza. "Shemeji, chai iko mkono wako wa kushoto. Shemeji, hiyo uliyovaa si kofia, ni kifumbu changu cha kuchujia tui, rudisha." Naye akijibu kwa kunung'unika, na siku ikiisha wamegombana kutwa nzima, na wote wawili wana raha.

Masika ile kiambaza kilianguka. Mchwa walikuwa wamekula miti kwa ndani, maji yakaingia, ukuta ukalala chini kama ng'ombe aliyechoka. Babu mwenyewe, mume wa bibi, akasema atasubiri kiangazi akisimamishe upya, kwa sasa watundike shuka. Hakukifikia kiangazi hicho. Homa ilimchukua upesi, tukamzika mvua ikinyesha, na bibi akawa mtu wa eda.

Sasa hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Mwanamke wa eda anatakiwa akae katika nyumba ya mumewe, na awe na stara. Lakini nyumba yenyewe sasa ilikuwa chumba kimoja chenye shuka katikati, na upande wa pili wa shuka kalala shemeji yake, mtu ambaye hata kama haoni, kwa sheria anaweza kumwoa. Mjomba wangu, mtoto wa bibi, alikuwa karani Kilindoni na alikuwa na nyumba ya matofali. Matanga yalipoisha akasema kwa adabu kabisa, "Mama, twende kwangu. Kuna chumba, kuna mlango, kuna choo cha ndani."

Bibi akamwambia, "Na huyu kipofu nimwachie nani? Paka?"

"Atachukuliwa na jirani."

"Na nyumba?"

Jibu mjomba alilijua. Nyumba ya udongo ukiiacha masika moja bila moto jikoni na bila mtu wa kuziba, unarudi kukuta kichuguu. Bibi angekwenda Kilindoni kwa miezi minne na siku zake, na asingekuwa na pa kurudi. Kila mtu pale ukumbini alilijua hilo, hata mimi. Mwalimu wa madrasa akaamua: ikipatikana stara akae, isipopatikana ahame, hakuna dhambi. Mjomba akatoa muda mpaka mwisho wa wiki, akarudi kazini.

Udongo haukufaa. Masika ile hata kufua ilikuwa shida, sembuse kukausha ukuta. Wa kutuokoa akawa jirani yetu, fundi wa mashua. Alikuwa mtu wa asili ya Jibondo, kule ambako mtoto anajua kushika tezo ya kuchongea mbao kabla ya kushika kijiko, na alikuwa mwenye maneno kuliko chombo chochote alichowahi kushusha majini. Alikuwa na mbao zake za mashua amezianika chini ya banda. Akasema, "Alikuwa rafiki yangu. Mkewe hatatoka nyumba hii mimi nikiwa na mbao."

Akajenga. Na mimi nilikuwa naye kuanzia mbao ya kwanza, ndiyo maana ukuta wa mbao haunisumbui mpaka leo. Akalaza gogo zito sakafuni akaliita mkuku, kama ule wa chini ya chombo. Akasimamisha nguzo akaziita mataruma, na kwa kweli zilikuwa zimekaribiana kama mbavu za chombo, mtu hapitishi hata mguu. Halafu akaanza kupigilia mbao, moja juu ya moja, ubavu kwa ubavu, akiranda kila moja mpaka ikae juu ya mwenzake bila mwanga kupita. Wanaume walikuja kutazama. Mmoja akamwuliza anajenga chumba au anajenga jahazi. Akasema, "Mimi sijui kujenga vitu viwili."

Mbao zikapita kimo cha mtu, akaendelea. Zikafika kwenye paa, akakata za mwisho kufuata mteremko wa makuti. Hakuacha mlango. Bibi angetumia mlango wa uwani, na ubavu wa chombo, alisema, hautobolewi. Mwisho akaleta pamba na sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo, akapiga kalafati kila mshono, pamba ikiingia kwa patasi na nyundo mpaka ukuta mzima ukawa kitu kimoja. Akapiga kofi juu yake akasema, "Hapa maji hayapiti hata kwa rushwa."

Tulimshukuru sana. Mwalimu aliukagua, akasema stara kama hii hajawahi kuiona. Bibi akaingia upande wake, babu mdogo akabaki upande wake, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mtoto na ninaruhusiwa pote, nikawa wa kuzunguka nje ya nyumba kwenye mvua, kutoka mlango wa mbele hadi wa uwani.

Siku ya kwanza sikugundua kitu. Ya pili niliona bibi amekaa na ukili mikononi haujaongezeka. Alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea ukutani kama anayesikiliza. Chumba kilikuwa na giza, joto, na kilinuka papa. Nikampelekea babu mdogo chakula, nikarudi jioni nikakuta sahani vilevile. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi yako nimemkosea nini?" Nikamwambia hujamkosea. Akasema, "Mbona hasemi?" Nikazunguka kwa bibi, naye akaniuliza, "Babu yako anaumwa? Mbona kimya?" Na sahani ya bibi nayo ilikuwa haijaguswa.

Nilikuwa mtoto, sikujua la kufanya na swali la namna ile. Nilibeba sahani zile mbili zilizojaa, nikakaa nazo mlangoni mwa jiko, nikazimaliza zote mimi. Tumbo langu halikujua msiba. Lakini habari kwamba bibi hali chakula zilitoka kijijini kwa lori la mbata, zikafika Kilindoni kabla ya mbata yenyewe, na Ijumaa baada ya sala mjomba akaingia na gari la kuazima, nyuma kuna godoro.

Alizunguka uwani kwanza. "Shikamoo mama." Nikasikia marahaba, dhaifu. Alipotoka alikuwa anajifuta uso, akasema ni mvua. Akaja kukaa ukumbini, walipokuwepo babu mdogo, mwalimu, na fundi wa mashua aliyekuwa ameegemea kazi yake. Mjomba akasema, "Wazee, mimi nimekubali mengi. Lakini mama yangu anakauka mle ndani. Leo naondoka naye."

Hakuna aliyebisha. Nikaona mambo yamekwisha, kwa sababu watu wazima wakinyamaza wote kwa pamoja huwa wameshakubaliana. Nikatoka mbio, nikazunguka nyumba, nikamwambia bibi godoro limekuja. Hakulia. Alinishika bega akasema, "Kamwambie mjomba wako nimeshindwa na ukuta, sijashindwa na nyumba. Halafu mwambie fundi hajanijengea. Amenipakia kama shehena."

Nikazunguka. Nikasema vyote viwili, kwa sauti, kama nilivyopewa. Sijui kwa nini, lakini tangu msiba ule babu mdogo hakuwa amecheka, na pale akacheka mpaka akakohoa. Fundi hakucheka. "Amekwambia nimempakia?"

"Ndiyo."

"Kamwulize, anataka nimwachie matundu? Mtu wa eda anataka matundu?"

Nikazunguka. Bibi akasema, "Sitaki tundu la jicho. Nataka pa kupitishia maneno." Nikazunguka. Fundi akakuna kidevu, na nakwambia hakuwa anafanya mzaha, alikuwa anataka kipimo. "Maneno yanataka upana gani?"

Nikazunguka tena, matope yamefika magotini. Bibi akafikiri kidogo. "Mwambie akatazame kwake. Mkewe akitaka kumgombeza naye kajificha ukumbini, maneno yanampata yakipitia wapi?"

Nilipolifikisha hilo, hata mwalimu aliinamisha uso kwenye kanzu yake mabega yakitikisika, maana kijiji kizima kililijua gombezo la nyumba ya fundi. Mjomba alikuwa anatazama sakafu, lakini nilimwona anajizuia. Fundi aliinuka polepole, akatazama juu, pale ambapo mbao zake zilibusu paa, na nadhani kwa mara ya kwanza akaliwaza lile pengo la juu ya viambaza, kitu ambacho hakina mfano baharini.

Akamgeukia mwalimu. "Kusemezana kunaruhusiwa?"

"Kuulizana chakula na dawa hakuna neno," mwalimu akasema. "Wasipige soga tu."

"Soga na mimi?" babu mdogo akasema. "Miaka yote hiyo ananigombeza."

Fundi akaleta ngazi. Ndugu yangu, nimewahi kuona watu wakivunja nyumba zao wenyewe ili barabara ipite, lakini sijaona mtu akiumia kama yule siku ile. Aliichomoa pamba ile kidogo kidogo kwa ncha ya patasi, kama anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto, huku anaiomba radhi. Akang'oa mbao ya juu kabisa. Akang'oa ya pili. Mwanga wa uwani ukaingia ukumbini na joto la chumbani likatoka, na harufu ya papa ikatupita wote vichwani ikaelekea mlangoni. Sote tulikuwa tunatazama lile pengo kana kwamba kuna mtu atatokeza kichwa.

"Shemeji," bibi akasema.

Haikuwa sauti kubwa. Babu mdogo aligeuza uso wake juu, macho yake meupe yakiwa wazi. "Naam."

"Mbona huli?"

"Nilidhani umenikasirikia."

"Nimekukasirikia. Kula."

Mjomba akainuka akaenda kushusha godoro. Hakulirudisha Kilindoni, alilizungusha mpaka uwani akampa mama yake alalie. Akarudi, akaketi sahani moja na babu mdogo, akawa anamwongoza mkono kwenye wali, na kutoka kule juu bibi akawa anamwambia mwanawe asimjazie mzee tonge kubwa, ana meno machache. Tangu siku hiyo mjomba akawa anakuja kila alipopata nafasi, na hakutaja tena habari ya kuhama. Karani wa watu alikuwa na moyo mzuri. Alikuwa anaogopa tu, kama sisi wote.

Watu huniuliza biashara nilijifunzia wapi. Hudhani nitataja duka la Mhindi niliyembebea simenti nilipokuja mjini, na ni kweli pale nilijifunza bei. Lakini kubeba neno la mtu kutoka upande huu hadi upande ule bila kulimwaga njiani, hilo nilijifunza nikizunguka nyumba ile kwenye matope. Wenye digrii wawili hawaelewani, wananiita mimi. Naenda huku, naenda huku, na mwisho wanashikana mikono.

Bibi alimaliza eda yake nyumbani kwake. Akaoga, akavaa khanga mpya, akaja kukaa kwenye baraza la mbele, na fundi akakata mlango katika ukuta wake akilalamika kwa kila mpigo wa msumeno. Zile mbao mbili za juu hazikurudi. Babu mdogo aliishi masika nyingine moja, na siku alipofariki bibi alisema tu kwamba sasa hana wa kugombana naye. Kitanda chake cha kamba nikapewa mimi.

Alfajiri nilikuwa nalala pale ukumbini, na kabla ya adhana sauti ya bibi ilikuja kupitia juu ya kiambaza. "Umeamka?" Nikijibu nimeamka huku nimefumba macho, alikaa kidogo akisikiliza, halafu akasema, "Sauti hiyo bado imelala." Hakukosea hata mara moja. Alijua sauti yenye njaa, sauti yenye homa, sauti ya mtoto aliyepigwa na wenzake akaficha. Nilipofika umri wa kwenda Kilindoni kutafuta kazi sikumwambia chochote usiku wa kuamkia safari, na alfajiri akauliza kama kawaida, nikajibu, akasikiliza muda mrefu kuliko siku zote, kisha nikasikia anawasha moto anipikie cha kula njiani.

Bibi hayupo, na Bweni palipokuwa na nyumba ile sasa ni minazi mitupu. Fundi naye alitangulia, na vijana wa kule sasa wanapanda boti za faiba. Nimejenga nyumba ambayo bibi asingeamini, vyumba vingi, kila kimoja na mlango wake na dari lake, na sisi wa mle ndani tunapendana, sina la kulalamika. Ila mtu wa kwangu akiamka na huzuni yake, anaweza kukaa nayo mle mpaka saa ya chai, na hakuna anayejua. Mimi mwenyewe siku hizi naamshwa na simu. Inalia, naibonyeza, inanyamaza. Haijawahi kusikiliza ninavyojibu.